Masomo nayo yarushwe mkono kwa mkono, kama nyimbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie simu na masomo ya watoto wetu. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Ngamiani hapa Tanga, sio mbali na soko la Mgandini, natengeneza vioo, sehemu za chaji, spika, alafu naingiza nyimbo na muvi kwenye memori kadi. Barua za wasomaji wenzangu nazisoma, huyu anasema simu zimewaharibu watoto zifungiwe kabatini mpaka wamalize fomu foo, yule anasema dunia imekwenda mbele kila mtoto apewe kishikwambi chake, na wote ukiwasikiliza vizuri wanaongea utadhani kila nyumba ina bando na ina simu ya kupangusa imekaa tu mezani inamsubiri mtoto. Nyumba nyingi ninazozijua haziko hivyo. Kuna simu moja, ni ya baba, inatoka nae asubuhi inarudi nae usiku, au kuna kiswaswadu cha bibi chenye tochi na redio, basi. Sasa ninachosema ni hiki, masomo ya kwenye simu kwa watu wetu wa huku yapite bila intaneti, yapite mkono kwa mkono kwa memori kadi na blututhi kama zinavyopita nyimbo, na vifaa vya kufanyia kazi hiyo tayari vipo, hapa hapa Tanga, vingi tu.

Njoo kibandani Jumamosi uone. Watu wanaingia mjini kutoka Pongwe, Muheza, Maramba, Duga Maforoni, wengine wanatokea Pangani, wamekuja sokoni na mambo yao, wakipita kwangu wanachomoa kadi kwenye simu wananipa. Fundi niwekee taarabu za zamani, fundi niwekee singeli, fundi zile kaswida mpya, fundi muvi za kutafsiriwa lakini usijaze sana kadi yangu ni GB 4. Namjazia, ananipa hela yangu, anaondoka. Akifika kijijini jioni pale kijiweni anamrushia mwenzake, mwenzake anamrushia mdogo wake, na wiki haiishi wimbo umefika kwenye mashamba ya michungwa huko ndani ambako hata kupiga simu ya kawaida mpaka utafute mwinuko. Hamna aliyenunua bando hapo. Ni mimi peke yangu niliyelipia intaneti, mara moja, usiku ikiwa ya bei nafuu, na watu mia wamepata.

Na masomo yanayopita kwa njia hiyo yapo, ila hatuyaiti masomo ya simu. Wazazi wanaonijia kutaka Juzuu Amma, ile juzuu ya mwisho ya Kurani, kwa msomaji anayesoma taratibu ni wengi mno, kila mwezi hasa ukikaribia mwezi mtukufu. Mtoto anasikiliza jioni, anarudia, anarudisha nyuma, anarudia tena aya ileile mpaka ulimi ukae, alafu asubuhi anakwenda chuoni, yaani madrasa, ustadhi anamsikiliza na kumsahihisha makharija, matamshi ya herufi. Zamani ilikuwa kaseti, sasa hivi ni kadi. Watoto wa huku wanahifadhi hivyo miaka nenda rudi na hakuna mtu aliyeita semina wala kufanya uzinduzi. Nikikaa nikifikiria kwa nini inafanya kazi naona sababu iko wazi kabisa, mtoto anaweza kurudia mara anazotaka bila kulipa, na kuna mtu mzima anamsubiri kesho yake kuona amefika wapi. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana mtoto anaishia kusikiliza tu. Nimeona simu zina mawaidha na visomo GB nzima na mwenye simu hajui hata aya, kwa sababu hakuna wa kumsubiri.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi kama mtu wa Tanga linaniuma, na nadhani wasomaji wako wengi hata hawalijui. Mwaka 2014 taasisi moja ya Marekani inaitwa XPRIZE ilitangaza shindano la dola milioni 15, mfadhili mkubwa akiwa Elon Musk, watu watengeneze programu ya kishikwambi ambayo mtoto asiye na shule wala mwalimu ataitumia mwenyewe mpaka ajue kusoma, kuandika na kuhesabu. Timu karibu 200 zikajiandikisha, zikachujwa zikabaki tano, na mahali pa kuzijaribia hizo tano dunia nzima wakachagua mkoa wa Tanga. Sio Nairobi, sio Johannesburg, ni vijiji vyetu hapa. Karibu watoto 3,000 kwenye vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi, Google ndio waliovitoa, na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali yetu wakashirikiana kuvifikisha na kuvisimamia. Vijijini ziliwekwa sehemu za kuchajia kwa sola. Programu zote ziliandikwa kwa Kiswahili, na mtoto hakuhitaji intaneti ili asome. Ilianza mwishoni mwa 2017, ikaenda miezi 15.

Na matokeo yakatangazwa hadharani. Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya wale watoto walisema hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya ile miezi 15 hilo kundi la wasioweza kusoma hata neno moja lilipungua kwa nusu. Fikiria hapo, mtoto wa kijijini ambaye hajakanyaga darasani, hana mwalimu, ana kishikwambi na jua, anaanza kusoma. Mei 2019 kule Los Angeles zikatangazwa timu mbili kuwa washindi, Kitkit School ya Korea Kusini na Marekani na onebillion ya Uingereza na Kenya, wakagawana dola milioni 10, tano tano. Alafu programu zote tano zikawekwa wazi kwenye intaneti, mtu yeyote aruhusiwe kuzichukua na kuzitumia na hata kuzibadilisha, bure, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Mimi hiyo nusu iliyoanza kusoma naiheshimu sana, na hiyo nusu nyingine naiheshimu pia maana inatuambia kitu. Kishikwambi peke yake hakitoshi kwa kila mtoto. Wale waliobaki bila kujua neno hata baada ya mwaka na zaidi na kifaa mkononi, hao ndio wanaotaka yule mtu wa kuwasubiri asubuhi. Kwa hiyo mtu asije akasoma barua hii akasema fundi anataka walimu waondolewe, hapana kabisa, nasema mwalimu apewe mkono mwingine.

Kinachoniuma ni hiki. Wenzetu Malawi, ambao walikuwa wanaitumia programu ya onebillion hata kabla ya shindano, wameichukua ikawa mpango wa serikali, watoto wa darasa la kwanza mpaka la nne wanaingia kwa zamu, wanakaa na vishikwambi vyao na vipokea sauti masikioni, wanajifunza kwa Kichewa, shule zinawekewa sola, na lengo lao ni shule zote za msingi za serikali nchini. Malawi sio nchi tajiri kutuzidi. Na sisi ambao watoto wetu ndio waliopimiwa, ambao Kiswahili chetu ndicho kilichotumika, sijawahi hata siku moja kuletewa simu na mzazi au mwalimu akaniambia fundi niwekee zile programu zilizojaribiwa kwetu. Watu hawajui kama zipo. Kitu kimetoka Tanga kimekwenda dunia nzima, na mtoto wa Mkinga anacheza gemu la kuendesha bodaboda kwenye simu ya kaka yake wakati programu ya kumfundisha kusoma ipo, bure, kwa lugha yake.

Sasa tuje huku mjini. Kuna mtindo umeingia, hasa shule za binafsi lakini na za serikali naona zinafuata, mwalimu anaunda grupu la WhatsApp la wazazi, jioni anapiga picha ubao au kitabu anatupia humo, homuweki hiyo. Kuna mama mmoja anauza mihogo ya kukaanga, mteja wangu wa siku nyingi, simu yake kiswaswadu. Alinijia saa mbili usiku nafunga kibanda, akaniambia mwanangu nisaidie, mtoto ameandikiwa kwenye daftari hafanyi kazi za nyumbani, na kazi zenyewe zinatumwa kwenye simu ambayo mimi sina. Ikabidi tumtafute mzazi mwenzake anirushie zile picha, tukaenda stationari kuprinti, ukurasa mmoja tu wa maswali ya hesabu umemla hela ya mihogo ya watu wawili. Shule siitaji na mwalimu sina ugomvi nae, naamini alitaka urahisi. Lakini mtoto ameadhibiwa kwa sababu ya simu ya mama yake, na hilo mimi siwezi kulinyamazia.

Na hata mwenye simu janja, bando linakatika. Walimu wetu naomba mjue uzito wa mnachotuma. Maswali kumi ukiyaandika kwa maandishi ya kawaida hayafiki hata KB 5, hata kwa meseji ya kawaida yanaweza kwenda. Picha ya ubao inakula KB mia na kitu. Sauti ya dakika moja haifiki nusu MB. Ila vidio ya mwalimu anaeleza dakika tano inaweza kula MB 20 au 30, na ukituma kwenye grupu la wazazi hamsini, kila mmoja anailipia kivyake. Hamsini wanalipia kitu kilekile. Kama ingetoka mara moja kwa mwalimu ikaingia kwenye kadi kumi, jioni wazazi wote wanayo.

Hili la kutumia njia nyepesi sio wazo langu jipya, wenzetu wameshafanya. Kule Afrika Kusini mwaka 2007 walianzisha kitu kinaitwa Dr Math, mwanafunzi anaandika swali lake la hesabu kwenye MXit, ule mtandao wa kuchati uliokuwa unatumika kwenye simu ndogo, na mwanafunzi wa chuo kikuu anamjibu palepale, anamwelekeza hatua kwa hatua, maandishi matupu, gharama ndogo sana. Kenya ilikuja kampuni inaitwa Eneza ikafundisha kwa meseji za kawaida, kiswaswadu kinatosha. Hata hapa Tanzania mwaka huohuo 2007 kulikuwa na mradi wa Elimu kwa Teknolojia kwenye shule za msingi kama 150, mwalimu anapakua kipindi kifupi cha vidio kwa simu ya Nokia, anaiunganisha kwenye televisheni ya darasa, watoto wote wanaangalia. Simu moja, mkononi kwa mwalimu, darasa zima limefundishwa. Miaka hiyo simu ya namna ile ilikuwa ghali, leo simu yenye uwezo kuliko ile naiuza ikiwa yuzidi kibandani kwangu na vijana wanaikataa.

Na walimu vifaa wanavyo. Sensa ya Agosti 2022 ilipoisha serikali ikavichukua vile vishikwambi vya makarani ikawagawia walimu. Ni jambo zuri mno na napongeza kwa dhati. Baadhi vinapita kwangu, vioo vimepasuka au havichaji, natengeneza, na nikivifungua kujaribu kama kila kitu kinafanya kazi mara nyingi nakuta kamera imetumika, WhatsApp imetumika, na kinasa sauti hakijaguswa hata siku moja. Hicho kinasa sauti ndugu Mhariri ndicho ninachokitaka mimi. Mwalimu mzuri wa Kiswahili au Historia, yule ambaye akieleza watoto wanatulia, akirekodi kipindi chake cha nusu saa kwa MP3 ya kawaida ya kilobiti 64 kwa sekunde, faili linakuwa kama MB 14. GB moja inachukua vipindi karibu 70. Yaani somo zima la mhula linaingia kwenye kadi ambayo leo inauzwa bei ya soda chache, na nafasi ya taarabu inabaki.

Hapa ntaingia kidogo kwenye ufundi, mnivumilie, maana mambo mengi mazuri yanafia kwenye vitu vidogo. Simu janja nyingi zikirekodi zinatoa faili la m4a, na viswaswadu vingi m4a havifungui, mzazi atabonyeza ataandikiwa faili halitambuliki atadhani kadi mbovu. Lazima libadilishwe liwe MP3, kazi ya dakika mbili kwenye kompyuta ya kibanda chochote cha nyimbo. PDF kwenye kiswaswadu haifunguki, na hata ukiigeuza picha, maandishi ya kitabu kwenye kioo kile kidogo hayasomeki, kwa hiyo mwenye kiswaswadu mpe sauti, na kama kuna mchoro au kanuni basi iandikwe upya kwa herufi kubwa, kitu kimoja kwenye picha moja. Mwenye simu ya kupangusa huyo mpe vitabu. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao yao, vitabu vya kiada vimo humo unasoma bure, ila kimoja ukikifungua kila siku kwa bando lako utalia. Ubongo nao, hawa waliotuletea Ubongo Kids kwenye televisheni tangu 2014, wana sehemu ya kupakua vipindi vyao bure. Mimi akija mzazi akaniambia mwekee mwanangu katuni, siku hizi namwekea Akili and Me na Ubongo Kids kwanza, na watoto wanazipenda kwelikweli, kuna mmoja alirudi na mama yake ananiimbia wimbo wa kuhesabu kuanzia anaingia mlangoni. Alafu jihadharini na memori kadi feki, zile zimeandikwa GB 64 zinauzwa bei ya kutupa, zinaonyesha zimejaa mafaili lakini ukifungua ni matupu, chukua ndogo ya uhakika.

Najua sauti haifai kila kitu. Jiometri huwezi kuifundisha kwa sikio, na majaribio ya Kemia ni lazima mtoto aone na ashike. Lakini Kiswahili, Historia, Uraia, hadithi, hesabu za kichwa, matamshi ya Kiingereza ambayo watoto wetu yanawasumbua sana kwa sababu hawapati pa kuyasikia, hivyo vyote vinasikika vizuri. Na mtoto asiyeona anafaidika sawa na wenzake kabisa. Kipindi cha korona shule zilipofungwa Machi 2020 masomo yalipelekwa redioni na kwenye televisheni na yalisaidia, ila redio kikishapita kipindi kimepita, mtoto aliyetumwa kisimani saa hiyo amekosa. Kwenye kadi kinamsubiri mpaka arudi.

Na hapo kwenye kutumwa nataka nisimame kidogo, maana jambo hili la simu na masomo linamuumiza zaidi mtoto wa kike. Nyumba yenye simu moja, baba akirudi nayo saa mbili usiku, ikifika zamu ya watoto kwanza anaishika kaka. Dada yuko jikoni, anaosha vyombo, anamlaza mdogo wake. Zamu yake ikifika simu haina chaji. Hii sio hadithi ya kutunga, wasichana wenyewe wananieleza wanapoleta simu kuchaji. Lakini sauti anaweza kuisikiliza huku mikono inafanya kazi, kiswaswadu kikiwa kimewekwa dirishani jikoni. Simpi hiyo kama suluhisho, haki yake ni kukaa chini na daftari kama kaka yake na wazazi tuliangalie hilo, ila wakati tunaliangalia asikose kila kitu.

Wanaoogopa simu nawaelewa na sibishani nao. Shuleni simu kwa mwanafunzi ni marufuku na mimi naunga mkono, tena sio sisi tu, ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia kwenye elimu ilieleza jinsi simu inavyomtoa mwanafunzi kwenye somo na kwamba inaweza kumchukua mpaka dakika 20 kurudisha akili yake. Na vitu vinavyopita kwenye simu za vijana mimi fundi ndio naviona kuliko wazazi, vingine vibaya mno, havifai hata kuandikwa gazetini. Lakini vingi vinaingia kwa njia ya laini na bando. Kwa hiyo mzazi fanya hivi, ile simu yako ya zamani iliyopasuka kioo lakini inawaka, iliyo kabatini, usiitupe. Toa laini. Mpelekee fundi unayemwamini aifute yote, aweke masomo tu na programu za kujifunzia, na kule kwenye duka la programu afunge. Hiyo ndiyo simu ya mtoto, haipigi, haipokei, haina TikTok, inakaa sebuleni kila mtu anaiona. Nimewafanyia wazazi kadhaa, na wengine wameniletea na simu ya pili kwa ajili ya mtoto mwingine.

Kuna suala la hakimiliki, nalo siwezi kulikwepa maana kazi yetu ya kuingiza nyimbo ina mjadala wake na wasanii wana haki ya kudai jasho lao. Kwenye masomo naongelea vile ambavyo wenyewe wamevitoa bure, na rekodi za walimu waliokubali wenyewe. Ila ombi langu kwa Taasisi ya Elimu ni watoe tamko la wazi, kwa maandishi, kwamba vitabu hivi na hivi vya maktaba mtandao vinaruhusiwa kuwekwa kwenye memori kadi na kugawiwa bila faida, ili fundi wa Korogwe au Handeni asiogope kuguswa na askari kwa kumwekea mtoto kitabu cha Sayansi. Karatasi moja tu yenye mhuri tuibandike kibandani.

Kwa maafisa elimu wa jiji na wilaya zetu zote za mkoa, naomba mchague walimu wachache wanaofundisha vizuri, kila somo mmoja au wawili, wapewe mahali patulivu warekodi mtaala wa darasa la nne na la saba kwanza maana hao wana mitihani ya taifa. Mafaili yakishapatikana msiyaweke kwenye tovuti mkakaa mkasubiri watu wafungue. Yapelekeni Kange stendi, yapelekeni sokoni Mgandini, kila kibanda cha nyimbo kipewe kopi. Sisi mafundi tuko kila kona, mpaka Lushoto juu kule, mpaka Songe, na kompyuta zetu zinawaka kutwa. Kikao cha wazazi shuleni kikiitwa, mwalimu awe na kishikwambi chake mlangoni, kila mzazi anayeingia arushiwe masomo ya mwezi huo, asiye na blututhi achomoe kadi. Na watoto waambiwe watasikilizwa Jumatatu, hilo lisikosekane, maana bila hilo tumegawa nyimbo.

Nimeshaongea na mafundi wenzangu wa hapa Ngamiani na Makorora, tumekubaliana mtu akija kuweka nyimbo, masomo anawekewa bure bila kuongeza hata senti, na mwalimu yeyote anayetaka kugeuziwa rekodi zake ziwe MP3 aje tu, hatumtozi. Kitu kimoja tunawaomba walimu. Ukianza kurekodi taja kwanza darasa, somo na mada kwa sauti, na faili lipe jina hilohilo na namba ya kipindi mwanzoni, mfano 05 Historia darasa la 6, maana kwenye kiswaswadu mzazi haoni picha wala kitu kingine, anaona orodha ya majina tu, na simu ikiandika REC0043 mtoto hatajua aanzie wapi.

Wako,
Fundi simu,
Ngamiani, Tanga.